Kabla ya Kununua Premio ya Mtumba, Weka Pesa ya Fundi Kando

Umepata Toyota Premio kwa bei poa? Usimpe muuzaji akiba yote. Tunakushauri uende kwanza na fundi unayemwamini, mkague haya:

1. Giaboksi: Nyingi za kuanzia 2007 zina CVT, inayotaka oili yake maalum. Gari likitetemeka likiondoka, tahadhari! Kuibadilisha ndiyo gharama inayouma zaidi.

2. Bushi na shoksi: Barabara mbovu huzimaliza haraka. Sikiliza kama zinagonga kwenye matuta. Ni nafuu, lakini utazinunua tena.

3. Injini: Angalia kama oili au maji ya rejeta yanavuja.

Fundi akutenganishie bei ya spea na ya kazi. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina la mpokeaji, na usifute ujumbe. Hiyo ndiyo risiti yako.