Mpunga wa Mabondeni: Homoni, Baridi na Mapepe

Kijitabu cha elimu kwa wakulima wa mpunga, viongozi wa vyama vya ushirika na walaji wa Kigali

Mpunga unaweza kustawi vizuri, majani yakawa ya kijani kibichi na maji yasikauke, kisha mkulima anapopura akakuta mapepe yamezidi punje. Lawama huenda kwa mbolea, kwa ndege au kwa aliyeuza mbegu. Katika mabonde ya juu ya Rwanda yuko mtuhumiwa mwingine asiyetajwa sana: baridi ya usiku iliyopiga wiki kadhaa kabla ya mavuno, suke likiwa bado limefichwa ndani ya shina. Wataalamu wa jenetiki wameshaeleza jinsi baridi hiyo inavyofanya kazi, na maelezo yao yanaanzia kwenye homoni za mpunga wenyewe.

Homoni za mmea

Homoni za mmea ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo mno. Hizo ndizo zinazoamua shina lirefuke kiasi gani, machipukizi mangapi yatoke na suke libebe punje ngapi. Inayotuhusu zaidi hapa inaitwa jibarelini.

Ilijulikana kwa njia ya ugonjwa. Wakulima wa Japani walikuwa wakiona miche inayorefuka kupita kiasi, ikawa myembamba na kupauka, kisha ikafa au isizae. Mwaka 1926 mtafiti Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba kuvu anayeleta ugonjwa huo hutoa kitu ambacho hurefusha mche hata kuvu mwenyewe asipokuwepo. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akakipa kitu hicho jina la jibarelini. Baadaye ikabainika kwamba mimea yenye afya nayo hujitengenezea jibarelini yake, kwa kipimo chake.

Ufupi ulioongeza mavuno

Mpunga mrefu una tatizo ambalo kila anayelima mbegu ya Supa kule Tanzania analijua: ukipewa mbolea nyingi na suke likajaa, shina hushindwa na mpunga hulala. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoko Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR8. Ilipatikana kwa kuchavusha Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan. IR8 ilipokea mbolea, ikazaa sana na ikabaki imesimama. Mbegu fupi nyingi zilizoenea duniani baada yake zilirithi ufupi wa aina hiyo hiyo.

Kwa nini ulikuwa mfupi? Jibu lilipatikana mwaka 2002. Jeni ya sd1 ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kimojawapo cha kuunda jibarelini. Katika mpunga ule wa Taiwan, kipande cha jeni hiyo chenye herufi 383 za DNA kimepotea. Kimeng'enya hakifanyi kazi, jibarelini inapungua kwenye shina, na shina linabaki fupi. Kipande hicho kilipotea chenyewe, miaka mingi kabla ya kuwepo kwa maabara za jeni. Wakulima waliuona mpunga mfupi, wakaupenda, wakautunza.

Miaka mitatu baadaye watafiti wa Japani, akiwemo Motoyuki Ashikari, walieleza jeni nyingine inayoitwa Gn1a. Hii husimamia kuvunjwa kwa saitokinini, homoni inayochochea suke kuweka punje. Jeni ikiwa dhaifu, saitokinini hurundikana na punje huongezeka. Walipoiunganisha na sd1 kwa kuchavusha, walipata mpunga wenye punje nyingi na shina fupi la kuzibeba.

Gharama yake kwenye baridi

Hapa ndipo habari inapoingia Rwanda, nasi tunaomba isomwe taratibu.

Bugarama, wilayani Rusizi, iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni eneo la chini kabisa nchini na lina joto. Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi, na mabonde ya Huye yanafika mita 1,600. Mpunga ni zao la joto. Kipindi unachodhurika zaidi na baridi ni pale unapobeba mimba, takribani siku 10 hadi 12 kabla ya suke kuchomoza, chavua ikiwa ndiyo kwanza inaumbwa. Joto likishuka chini ya nyuzi 17 hadi 19 kwa siku kadhaa mfululizo, chavua huharibika. Ua lisilo na chavua nzuri halifungi punje, na hilo ndilo pepe.

Mwaka 2014 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba baridi hupunguza jibarelini ndani ya chavulio, yaani kifuko cha chavua, na upungufu huo ni sehemu ya sababu ya chavua kuharibika. Mpunga uliokuwa na jibarelini pungufu tangu kuzaliwa, ukiwemo wenye sd1, uliumia zaidi. Jeni iliyookoa mashamba ya nchi tambarare zenye joto inaweza kuuongezea mpunga udhaifu mlimani. Kwa sababu hiyo sifa nzuri za mbegu huko Bugarama, au kwenye mashamba ya Morogoro, Tanzania, hazitoshi kumshawishi mkulima wa Huye aipande.

Rwanda imewahi kuchukua mbegu kutoka nyanda za juu za Uchina, kama Yun Keng, na wakulima wengi wa mabonde ya baridi waliziona zikistahimili. Punje zake ni fupi na nene. Mlaji wa Kigali anayependa mchele mrefu wenye harufu huipita sokoni Kimironko akanunua wa Tanzania au Pakistani. Tunaelewa upendeleo huo. Lakini inafaa ajue kwamba punje ile fupi haikuletwa kwa uzembe: ilichaguliwa kwa sababu inakomaa pale ambapo ile ndefu ingebaki mapepe. Kazi ya watafiti sasa ni kuunganisha ustahimilivu huo na punje inayopendwa sokoni, na kila uchavushaji huhitaji misimu mingi ya kuchambua wazao.

Je, mchele wa mbegu hizi una madhara kwa mlaji?

Hapana. Homoni za mpunga si homoni za binadamu, na kila mboga unayokula ina jibarelini. Mbegu za shina fupi kama IR8 zilipatikana kwa kuchavusha ua kwa ua, bila kupandikiza jeni kutoka kiumbe kingine.

Shambani

Muulize mtaalamu wa kilimo wa sekta yako mbegu hiyo ilijaribiwa kwenye mwinuko gani. Usiridhike na jibu kwamba "inazaa sana."

Kitaluni, ng'oa miche iliyorefuka ghafla kuipita mingine na kupauka, kama ile ya ugonjwa wa kuvu wa Japani, uichome. Usiipandikize kwenye jaruba, na usichukue mbegu kwenye shamba lililoonyesha dalili hizo.

Mpunga unapobeba mimba, shika shina kwa vidole: utahisi uvimbe laini chini ya jani la mwisho. Kama usiku ni wa baridi, pandisha maji hadi sentimeta 15 au 20 kwa siku hizo. Wakati chavua inaumbwa suke changa bado liko chini ndani ya shina, na maji hayapoi haraka kama hewa. Wakulima wa kaskazini mwa Japani wamelinda mpunga wao hivyo kwa muda mrefu. Usiongeze urea wakati huo, kwa maana naitrojeni nyingi huzidisha madhara ya baridi.

Siku ya kuvuna, kata masuke machache kutoka sehemu mbalimbali za jaruba, uhesabu punje na mapepe. Kama suke lilikwama ndani ya ala ya jani, na ala ina mabaka ya kahawia, huenda ni ugonjwa wa kuoza kwa ala, ambao nao hupatikana Rwanda. Kama lilichomoza vizuri, halina mabaka wala wadudu, lakini ni jeupe kwa mapepe, shuku baridi. Andika hesabu hiyo pamoja na jina la mbegu, tarehe ya kupandikiza na wiki ambayo usiku ulikuwa wa baridi, uipeleke kwenye mkutano wa ushirika kabla mbegu ya msimu ujao haijaagizwa.