Kabla Hujaitwa Mbele: Maswali ya Wanafunzi wa Masasi na Newala Kuhusu Kongamano

Barua ya kwamba kazi yako imekubaliwa ikishafika, furaha haikawii kugeuka maswali. Kwa wa sekondari, barua hiyo huenda imetoka Young Scientists Tanzania, mpango ulioanzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa Ireland. Huenda imetoka MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Kwa wa chuo yapo makongamano mengi, likiwemo la CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ambako makala husomwa kwa Kiswahili kitupu. Majukwaa haya yana taratibu tofauti, lakini hofu za washiriki hufanana.

Mada ya kijijini kwetu si ndogo mno kwa ukumbi wa Dar es Salaam?

Si ndogo. Chukua korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 17,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho mbali, bei ilivunja moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Salfa na miche bora, pamoja na utafiti wa kituo cha Naliendele, viliurudisha mkorosho shambani, na msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Sehemu kubwa ya habari hiyo imo mashambani mwenu, na wazee walioiona bado wapo wa kuhojiwa.

Au chukua maji. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ambako mvua hunyesha ikazama mbali kwenye udongo wa kichanga. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye vilima vya mawe. Wanafunzi wa miji hii miwili wakipima jambo moja, mfano gharama ya ndoo ya lita 20 mwezi wa Septemba, tayari wana ulinganisho ambao mtu wa Dar es Salaam hawezi kuutengeneza akiwa mezani. Anayechagua "mabadiliko ya tabianchi barani Afrika" kwa sababu inasikika kubwa amejinyima kitu pekee ambacho angeweza kukijua kuliko majaji.

Nina dakika 10 tu. Niseme nini?

Kwanza uliza kama dakika za maswali zimo humo humo. Mara nyingi zimo, na hapo zako zinabaki saba.

Zinazopotea zaidi ni za mwanzo. Mtu anamsalimu mgeni rasmi, wahadhiri, walimu na wanafunzi wenzake kwa majina na vyeo, anashukuru, anaomba radhi kwa sauti yake, na mwenyekiti ameshainua kibao cha dakika tano. "Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa" inatosha kabisa. Hakuna mkubwa atakayechukia. Baada ya hapo taja swali lako kwa sentensi moja. Kisha eleza ulifanya nini, wapi, kwa nani, na ulipata nini. Historia ya wilaya, idadi ya kata na fasili za kila neno vibaki kwenye karatasi uliyoandika.

Matokeo ndiyo yapewe muda, nayo yasemwe kwa kipimo chake. Tuseme ulihoji wakulima 40 wa vijiji viwili. Basi huwezi kusema "wakulima wa Newala wanaona". Sema "kati ya wakulima 40 tuliowahoji, 26 walisema". Wanafunzi wengi huona sentensi ya namna hiyo inawapunguza. Jaji husikia mtu anayejua mpaka wa kazi yake. Na vipimo vya mtaani usiviache bila maelezo. Ukitaja kangomba, eleza kwamba ni kipimo cha wanunuzi wa kichochoro, kisha sema wewe mwenyewe ulipokipima kwa mzani ulipata uzito gani. Kama hukukipima, nenda kapime kabla ya safari.

Bango au slaidi?

Fuata wanachotaka waandaaji. Bango la ukubwa wa A0 ni sentimita 84 kwa 119, hivyo ulizia mapema ni wapi karibu nawe wanachapa ukubwa huo; bango la kitambaa cha plastiki huvumilia basi kuliko la karatasi. Slaidi ziwe chache, maandishi yasomeke kutoka kiti cha nyuma. Weka nakala kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe, na ujiandae kuzungumza umeme ukikatika.

Kiingereza changu si kizuri.

Waulize waandaaji lugha zinazoruhusiwa kabla hujaanza kuandika. Kama ni Kiingereza, usikariri insha nzima, maana ukisahau neno moja lote lililobaki linaanguka nalo. Shika mpangilio, na jifunze vizuri maneno machache yanayobeba kazi yako: jina la ugonjwa, la dawa, la njia uliyotumia. Wakulima walikujibu kwa Kimakonde, Kiyao au Kiswahili. Andika jibu kama lilivyosemwa kisha lifasiri, usilifasiri kichwani halafu ukalisahau la kwanza.

Wakiniuliza nisilolijua je?

Sema hujalipima. Jibu hilo halina aibu, na ni bora kuliko hadithi ya kubuni ambayo swali la pili litaibomoa.

Lakini maswali mengi yanaweza kutabirika. Kwa nini kijiji hicho na si kingine? Mliwapataje hao 40? Tuseme mmejaribu salfa: mikorosho mingine mmepulizia, mingine mmeiacha ya kulinganishia. Jaji anayeijua kazi atauliza ilikuwa mbali kiasi gani, kwa sababu salfa ni unga, upepo unaubeba, na ule mkorosho "usiopuliziwa" huenda nao ulipata sehemu yake. Atauliza pia mmejuaje ni salfa na si mvua. Andikeni maswali 20 ya namna hii, mkaulizane wenyewe kwa wenyewe bila huruma.

Na kama ukumbi utacheka, mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa wa kutengenezea aiskrimu, ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto, ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilo Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakacheka. Lakini swali lilikuwa limekamilika: vyombo viwili sawa, maji kiasi kimoja, kimoja kina nyuzi 35 na kingine 100. Osborne aliweza kwenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Swali lenye vipimo ndilo linaloweza kujaribiwa, hata na aliyelicheka.

Vibali, nauli na mzazi?

Mwanafunzi wa chuo anayehoji watu huanza na barua ya chuo, inayopita kwa uongozi wa wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tunza nakala yake, maana unaweza kuulizwa ukumbini. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi na mwalimu wa kusafiri naye. Baba na mama, ulizeni ni mwalimu gani na watalala wapi. Hiyo ni haki yenu.

Nauli isisubiri korosho. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, na fedha hufika akaunti ya mkulima baadaye kidogo, wakati ada ya ushiriki haingoji. Tena fikeni siku moja kabla. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika na abiria wa kusini wakakwama.

Nifanyie mazoezi mbele ya nani?

Darasani, ndiyo, na saa mkononi. Ila wenzako wa darasani watakupigia makofi. Hadhira ngumu kuliko zote ni waliokupa majibu: wakulima wa chama cha msingi cha ushirika, akina mama wa foleni ya maji. Wao watakwambia papo hapo kwamba bei uliyoandika ni ya msimu wa juzi, au kwamba walikubali swali lako kwa adabu tu. Hakuna jaji wa Dar es Salaam atakayeweza kukusahihisha hivyo.

Kwa hiyo walimu wa Masasi na Newala, kabla ya safari ombeni dakika 15 kwenye mkutano wa kijiji au wa chama cha msingi. Wanafunzi wasimame, wawasilishe kwa Kiswahili, na wenye data waulize kwanza.