Queen Mary: Ipande Mchana, Anza Ngamani

Ukifika Long Beach, California, kila mtu atakuelekeza kwenye meli kubwa yenye mabomba matatu mekundu yaliyopakwa weusi juu. Na karibu kila mtu atakwambia uende usiku, ukaonyeshwe mizuka. Nakusihi usiende usiku. Nenda asubuhi, uvae viatu vya kutembelea, na kabla hujapanda ngazi umjue kwanza mwanamke aliyeipa meli hiyo jina. Asiyemjua huona hoteli kuukuu iliyoegeshwa bandarini.

Lakini kwanza tuokoe fedha zako. Mimi na mpwa wangu tulivamiwa nje ya mlango wa kuwasili, uwanja wa ndege wa Los Angeles, na dereva aliyetuchukulia mabegi hata hatujakubaliana bei. Nauli aliyotutoza ingetusafirisha kwa treni wiki nzima, tena kwa raha. Usikubali. Panda treni ya mstari C hadi kituo cha Willowbrook/Rosa Parks, badili hapo uingie mstari A unaoelekea kusini, ushuke katikati ya mji wa Long Beach. Nauli ni dola 1.75, na ukitumia kadi ya usafiri ya TAP unaruhusiwa kubadili treni ndani ya saa mbili bila kulipa tena. Treni haina haraka, ila haikuibii. Ukishafika mjini, meli iko ng'ambo ya maji tu. Kipande hicho kifupi ndicho cha kuchukulia teksi au basi.

Kosa letu la pili lilikuwa tiketi. Nilizinunua kwenye tovuti ya wakala mmoja iliyojipamba kama tovuti ya meli yenyewe. Tulipofika langoni tukakuta watu wamelipa pungufu ya sisi kwa ziara ile ile. Nunua kwa wenye meli, na usome vizuri kilichomo: kiingilio, ziara ya historia na ziara ya chumba cha injini vinaweza kuwa vitu tofauti. Kama unakuja na gari la kukodi, ulizia ada ya maegesho mapema, maana iko peke yake. Pia tazama kama kuna meli ya watalii inayong'oa nanga siku hiyo. Gati lao liko ubavuni, penye lile kuba kubwa jeupe lililojengewa ndege ya mbao ya Howard Hughes, na abiria wao hujaza eneo zima.

Sasa tumzungumzie mwenye jina, Malkia Mary. Alizaliwa tarehe 26 Mei 1867 katika Kasri la Kensington, London, na nyumbani wakamwita May, kwa mwezi wake. Usidhani alilelewa kitajiri. Wazazi wake walikuwa na damu ya kifalme na madeni ya kutisha, hata mwaka 1883 ikawabidi wahamie Italia kukwepa gharama. Huko Florence binti huyo akajifunza kutazama picha, samani na kazi za mafundi, jicho lililomkaa hadi uzeeni. Desemba 1891 akachumbiwa na Prince Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria. Wiki sita baadaye mchumba akafa kwa mafua makali. Mwaka 1893 akaolewa na mdogo wa marehemu, George, na mwaka 1910 George akawa mfalme.

Meli nayo ilikaribia kufa kabla haijazaliwa. Desemba 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kazi ilisimamishwa katika kiwanda cha John Brown pale Clydebank, Scotland. Maelfu ya mafundi wakarudi nyumbani mikono mitupu, na gamba la chuma lisilo na jina, likiitwa namba 534 tu, likasimama juu ya mji likiota kutu. Aprili 1934 kazi ikaanza tena kwa mkopo wa serikali, iliyotaka kampuni za Cunard na White Star ziungane kwanza. Tarehe 26 Septemba mwaka ule, mvua ikinyesha, Malkia Mary akaishusha majini akiipa jina lake mwenyewe. Waongoza wageni wanapenda kusimulia kwamba kampuni ilikusudia kuiita Victoria na mfalme ndiye aliyekosea kuelewa ombi. Usiichukulie kama historia. Lililo hakika ni kwamba kulikuwa na meli ndogo ya abiria kwenye mto Clyde yenye jina la Queen Mary tayari, na ikabidi iongezewe "II" ili kumpisha mkubwa.

Safari ya kwanza iling'oa nanga Southampton tarehe 27 Mei 1936, siku moja baada ya Malkia kutimiza miaka 69. Alikuwa mjane wa miezi minne. Desemba mwaka huo huo mwanawe Edward akaacha kiti cha ufalme. Nenda kwenye ukumbi wa mbele, baa ya nusu duara iliyo omo, ukatazame mchoro ulio juu ya kaunta. Umechorwa kwa kumbukumbu ya jubilei ya mwaka 1935, miaka 25 ya mumewe kwenye kiti: watu wa kila tabaka wamejipanga wakishangilia barabarani. Abiria wa mwanzo waliunywea mvinyo mchoro huo wakati mfalme wa jubilei amekwisha zikwa. Mimi nilikaa chini yake na soda moja kwa saa nzima, na sikuona hasara.

Mbao za meli hii zinastahili muda wako kuliko kitu chochote kilicho sitaha za juu. Ziko aina zaidi ya 50, zilizochaguliwa kutoka pande zote za himaya ya Uingereza ya wakati ule, na nyingine leo ni adimu. Inamisha kichwa uzitazame kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukizipitia; utaona mishipa ya mti inavyokutana ubao kwa ubao kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa. Katika ukumbi mkubwa wa chakula kuna ramani ya bahari ya Atlantiki iliyojaa ukuta, ambamo meli ndogo ya kioo ilisogezwa kuwaonyesha abiria walipofika. Ukumbi huo hukodishwa kwa harusi na sherehe, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kama uko wazi siku yako.

Mizuka naipinga kwa sababu moja. Meli hii ina wafu wa kweli. Vitani ilipakwa rangi ya kijivu ikageuzwa kuwa ya kubeba askari. Julai 1943 ilivusha watu 16,683 kwa safari moja. Tarehe 2 Oktoba 1942, karibu na pwani ya Ireland, ilimgonga msindikizaji wake, manowari Curacoa, ikamkata vipande viwili. Ilikuwa na amri ya kutosimama kwa hofu ya nyambizi za Kijerumani, ikapita. Mabaharia zaidi ya 330 walikufa. Ukishalijua hilo, kulipa mtu akuzimie taa na kukugongea milango ya vyumba ni kuwakosea adabu.

Kulala humo je? Usiku mmoja unatosha. Vyumba ni vile vile vya daraja la kwanza, na bafuni unaweza kukuta mabomba manne: mawili ya maji baridi, mawili ya moto, kwa sababu zamani abiria alichagua kuoga maji ya chumvi au ya kawaida. Ya chumvi hayatoi kitu leo. Omba chumba chenye dirisha la duara, maana vingine viko ndani na havioni bahari, na usome tozo zilizoandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei. Picha nzuri ya meli nzima haipigwi maegeshoni. Vuka uende upande wa mji, penye mnara wa taa wa bustani ya ufukweni, jioni. Ni bure.

Ukipita London siku nyingine, mfuate Malkia hadi Windsor. Nyumba yake ya wanasesere ya mwaka 1924, yenye umeme na maji ya bomba, imo ndani ya ngome, na kaburi lake liko katika kanisa la St George's, ambalo halipokei watalii Jumapili. Aliwazika wana watatu. Mjukuu wake Elizabeth aliondoka Januari 1952 akiwa binti mfalme na akarudi kutoka Kenya akiwa malkia. Bibi huyo alimpokea, lakini akafa Machi 1953, wiki kumi kabla ya kutawazwa kwa mjukuu huyo.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ziara hii ipange hivyo hivyo: chini kwanza, miguu ikiwa na nguvu, na kama una muda rudi chini tena mwisho. Tanuru za mvuke ziling'olewa baada ya jiji kuinunua mwaka 1967, ila chumba cha injini cha nyuma kipo, mabomba yake manene kama minazi. Toka hapo uelekee kwenye kijumba cha chuma kilichojengewa ubavuni, tezi. Unaegemea chuma, unachungulia, na chini yako, kwenye maji ya kijani, unaona rafadha moja ya shaba imelala na taa ikiimulika. Zilikuwa nne. Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, ikiwashwa itazunguka?" Nikamwambia hapana, hakuna tena cha kuizungusha. Akaendelea kuitazama, na mimi nikamwacha mpaka mlinzi alipokuja kutuambia muda umekwisha.