Saa na Jua: Je, Yafaa Tusogeze Saa Zetu?

Msomaji mwenye ndugu akaaye Uingereza bila shaka amekwisha kuliona jambo hili. Akimpigia simu mwezi wa Januari, saa tatu ya usiku, huambiwa kwamba kule ni saa kumi na mbili ya jioni na giza limekwisha kuingia. Akimpigia mwezi wa Juni, saa ile ile ya tatu, huambiwa kwamba kule ni saa moja, na jua lingali likiwaka. Saa ya Ronge haikuguswa. Iliyosogezwa ni saa ya London, ambayo hupelekwa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, ikarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Sababu yake ni kwamba nchi ile i mbali na ikweta. Mchana wa London mwezi wa Juni hupita saa 16 na nusu, na mwezi wa Desemba haufikii saa 8. Mwaka 1907 mjenzi mmoja wa nyumba, William Willett, alitoa kijitabu akilalamika kwamba wakati wa kiangazi jua huchomoza watu wakiwa bado wamelala, na mwanga ule hupotea bure. Alifariki mwaka 1915 kabla shauri lake halijakubaliwa. Mwaka uliofuata, Wajerumani walisogeza saa zao mwezi wa Aprili ili kuokoa makaa ya mawe wakati wa vita, na Waingereza wakafuata mwezi wa Mei. Hata leo hawajapatana wote juu ya jambo hili: Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuacha desturi hiyo, lakini serikali za nchi zenyewe hazijaafikiana.

Na sisi je? Katika vilima vya Taita, siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hupitana kwa dakika 24 tu hivi. Hakuna mwanga wa ziada uwezao kuwekwa akiba. Mtu akisogeza saa hapa, hupunguza mwanga wa asubuhi ili auongeze jioni, basi.

Lakini wengi hawajui kwamba Kenya imekwisha kubadili saa yake mara nne. Tangu mwaka 1908 saa ya serikali ilikuwa mbele ya saa ya Greenwich kwa saa mbili na nusu. Usiku wa manane tarehe 30 Juni 1928 ilisogezwa mbele nusu saa. Januari 1930 ikarudishwa nyuma nusu saa ile ile. Mwisho wa mwaka 1936 ikasogezwa mbele robo saa, na mwisho wa Julai 1942, wakati wa vita, robo nyingine. Tangu hapo haikuguswa. Mtu aliyezaliwa Ronge mwaka 1920 aliishi chini ya mabadiliko yote manne kabla ya kutimiza miaka 23, na jua lilikuwa likichomoza nyuma ya vilima vile vile.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne. Ronge iko digrii 38 na kitu mashariki ya Greenwich; kwa hiyo kwa kufuata jua, Ronge hutangulia kwa saa 2 na dakika 34 hivi. Maana yake ni kwamba saa ya mwaka 1908 ilikaribiana sana na jua la Taita. Mzee aliposema saa sita, jua lilikuwa utosini kweli. Saa ya leo imetangulia jua la Ronge kwa dakika 26. Sisi tumekwisha kusogeza saa mbele, na hatuirudishi.

Anayelipa gharama ya mwanga wa asubuhi ni mwenye kwenda kwa miguu. Mwezi wa Februari jua huchomoza Ronge kama saa kumi na mbili na nusu. Kama saa ingesogezwa mbele saa moja zaidi, lingechomoza saa moja na nusu, na mtoto aendaye shule angetembea gizani mwendo wote. Katika sehemu za chini za Taita, ambako tembo wa Tsavo huingia mashambani usiku, hilo si jambo dogo. Tembo hafuati tangazo la serikali.

Je, turudi kwenye saa ya 1908? Sudani Kusini ilirudisha saa yake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, ili ilingane na jua lake. Kwa upande wetu naona hasara ingezidi faida. Kenya, Uganda na Tanzania zina saa moja, na dereva wa lori avukaye mpaka Taveta kwenda Moshi hana haja ya kugusa saa yake. Ikiwa asubuhi ya Februari ni nyeusi mno kwa watoto, kengele ya shule ni rahisi kusogezwa kuliko saa ya nchi nzima.

Atakaye kuhakikisha hesabu hii asimike fimbo wima mahali palipo sawa, aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, tangu saa sita mpaka saa saba mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli. Mapema Novemba atakiona kama saa sita na dakika 10. Katikati ya Februari, kama saa sita na dakika 40.