Lami ya mpira na udongo: mwenye mtaji wa Jang'ombe analipia nini?

Pipa la lami ya kawaida na pipa la lami iliyochanganywa polima yakipangwa pamoja mbele ya ghala la Jang'ombe, hakuna jicho litakaloyatofautisha. Yote yamefungwa, na ndani lami ni nyeusi iliyoganda. Tofauti ni bei, na la pili ndilo ghali. Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia katika biashara hii, suala ni kujua analipia kitu gani hasa, na iwapo kitu hicho kitakuwa bado kimo siku mkandarasi atakapoiyeyusha lami hiyo.

Lami inayotumika sana barabarani ni ya daraja 60/70. Namba hizo si uzito wala bei. Sindano yenye mzigo wa gramu 100 huachwa izame katika lami yenye joto la nyuzi 25 kwa sekunde 5. Ikizama milimita 6 hadi 7, lami hiyo ni 60/70. Lami ya namna hii hulainika kwenye nyuzi 50 hivi, ambapo uso wa barabara nyeusi, juani wakati wa kaskazi, waweza kupita nyuzi 60. Ndipo lori la mchanga likisimama, au likikata kona taratibu, huacha mifereji miwili isiyofutika.

Dawa iliyozoeleka duniani ni SBS, polima ya jamii ya mpira inayotumika pia katika soli za viatu. Hutiwa asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa lami, kwa joto la nyuzi 170 hadi 180, katika mashine yenye visu vya kasi. Ikichanganyika vyema hujenga kama wavu ndani ya lami, na barabara ikikandamizwa hurudi badala ya kubonyea.

Gharama yake haitishi kama inavyodhaniwa. Tuseme barabara ya kilomita moja, upana mita 7, tabaka la sentimita 5. Hiyo ni mita za ujazo 350, yaani karibu tani 840 za mchanganyiko wa kokoto na lami. Lami peke yake ni kama asilimia 5, yaani tani 42, na SBS ya asilimia 4 ni tani 1.7 tu. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, na kokoto ngumu hulazimu kuvushwa kutoka Bara. Mkandarasi anayelipa nauli ya mamia ya tani za kokoto kisha akabania tani mbili za polima, hesabu yake ina walakini.

Kasoro ya SBS ni kukaa. Ni nyepesi kuliko lami, na lami ya moto ikiachwa imetulia polima hupanda juu, kama tui zito linavyojikusanya juu ya bakuli. Pipa lililopoa na kuganda halina tatizo hilo. Hatari ni tangini, lami inapokaa moto usiku kucha ikingoja mvua ipite: juu mpira mtupu, chini lami ya kawaida iliyouzwa kwa bei ya juu.

Hapo ndipo udongo unapoingia. Udongo unaotafutwa ni monmorilonaiti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya bentonaiti. Umeumbwa kwa kurasa nyembamba mno, kila moja unene wa kama milioni moja ya milimita, na polima hupenya katikati yake. Kwa kuwa udongo ni mzito kuliko lami, hulifidia lile jambo la polima kutaka kuelea, na viwili hivyo hubaki pamoja. Aidha kurasa hizo huizuia hewa kupenya kwa urahisi, na lami hukawia kuzeeka na kupasuka.

Si kila udongo lakini. Bentonaiti yenyewe hupenda maji na kukataa mafuta; sharti kwanza itibiwe kiwandani kwa kemikali ili ikubaliane na lami. Kaolini ya Pugu, ambayo wengi wameisikia, kurasa zake zimeshikana na hazivimbi, hivyo haiwezi kushika nafasi hiyo. Anayeuziwa unga wa udongo wowote kwa jina la kiungo cha lami ameuziwa vumbi la kujazia.

Kipimo cha kumkinga mnunuzi kipo, nacho ni rahisi. Lami hujazwa katika neli ya alumini iliyosimamishwa wima, ikawekwa katika tanuri la nyuzi 180 kwa siku 3 kwa utaratibu wa Ulaya, au nyuzi 163 kwa saa 48 kwa ule wa Marekani. Ikishagandishwa hukatwa vipande vitatu. Cha kati hutupwa. Cha juu na cha chini hupimwa kwa pete na gololi ili kuona kila kimoja kinalainika kwenye nyuzi ngapi. Tofauti ikizidi nyuzi 5, mchanganyiko umeachana. Karatasi ya kipimo hicho, yenye namba ya shehena inayolingana na ile ya mapipa, ndiyo bidhaa yenyewe.

Soko pia lina mipaka yake. Njia za ndani za Jang'ombe, zenye vespa na gari ndogo, hazihitaji lami ya bei hii. Zinachohitaji zaidi ni mtaro, kwani maji ya masika yakiingia chini ya tabaka hakuna polima itakayolishika. Wanunuzi ni wakandarasi wa barabara kuu, vituo vya mabasi na viingilio vya bandari, nao hununua kwa zabuni. Tangu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, tegemeo limekuwa zaidi lami kutoka nje, hasa Ghuba, na bei hufuata mafuta ghafi na nauli ya meli.

Kwa sababu hiyo yafaa mwenye mtaji asijaze ghala kabla ya kuwa na oda mkononi. Mkataba utaje nani analipa maabara na shehena iliyoshindwa inarudi kwa gharama ya nani. Utaje pia kuwa muuzaji hawajibiki pale mkandarasi anapoyeyusha mapipa kwa moto wa kuni bila kipimajoto, maana SBS ikipita nyuzi 200 huanza kukatikakatika, na pipa lililokwisha kupashwa moto halipokelewi tena ghalani.