Laptopu ya Linux na Umeme wa Rukwa: Kabla Hujanunua Betri Mpya

Kijitabu hiki ni kwa walimu, watendaji wa kata, makarani wa vyama vya ushirika na wanafunzi wa Mkoa wa Rukwa wanaotumia laptopu zenye Linux, hasa zile kuukuu zilizotumika kwingine kabla ya kufika Laela, Matai au Namanyere. Hakifundishi Linux yote. Kinahusu betri, chaja na usingizi wa mashine, maana hapo ndipo laptopu nyingi nzima huitwa mbovu.

Umeme wetu una historia yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. TANESCO ilinunua umeme Zambia, ukavushwa mpaka kutoka upande wa Mbala, na jenereta za dizeli zikajazia upungufu. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ilibuniwa ili kuufikisha mkoa huu kwenye gridi. Hata hivyo, gridi au si gridi, mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi zake, na anayejaza matokeo ya wanafunzi jioni anategemea betri iliyo ndani ya mashine.

SOMA NAMBA KWANZA

Watu wengi hukimbilia dukani. Kabla ya kutoa pesa, chomoa chaja, subiri dakika moja au mbili, fungua terminali na uandike:

upower -i $(upower -e | grep BAT)

Yatatoka maneno mengi ya Kiingereza, yaache. Tafuta mistari mitatu tu. energy-full-design ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani. energy-full ni ujazo wake wa leo ikijaa. energy-rate ni umeme unaotumika sasa hivi, kwa wati. Tuseme ya kwanza ni 48, ya pili 24 na ya tatu 8. Betri imechakaa nusu, ni kweli, lakini ikijaa bado itakupa saa tatu. Kama energy-rate ni 24, betri hiyohiyo itakupa saa moja, na ukinunua mpya utapata saa mbili tu. Hapo tatizo ni matumizi, na betri mpya hailitibu.

Mtumiaji mkubwa mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa, au mwanga wa skrini uliopandishwa mpaka mwisho. Kwenye laptopu zenye kadi ya pili ya michoro ya NVIDIA, kadi hiyo inaweza kubaki macho bila kazi yoyote. Kwenye Ubuntu, prime-select query itakuambia ipi inatumika, na sudo prime-select intel itaipumzisha kadi kubwa baada ya kuwasha upya, ikiwa prosesa ni ya Intel. Programu ya powertop nayo huonyesha nini kinaiamsha mashine mara kwa mara. Itazame, lakini usibadilishe kila inachopendekeza: moja ya mapendekezo yake huzilaza bandari za USB, na mausi huanza kusitasita.

Kuhusu baridi, wenyeji wa nyanda za juu wasiwe na hofu. Sumbawanga mjini ni takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai betri hutoa umeme kidogo kuliko kawaida. Ikipata joto, hurudia hali yake. Joto ndilo linaloichakaza moja kwa moja. Laptopu inayoshinda kwenye chaja Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, au Mtowisa kule bondeni, betri yake itachoka mapema kuliko ya mwenzake aliye mjini.

INAPOGOMA KUPITA ASILIMIA 80

Hili si kosa la chaja. ThinkPad nyingi, na laptopu za kampuni nyingine kadhaa, huruhusu kuweka kikomo cha kuchaji, na aliyekuwa nayo kabla yako huenda alikiweka. Soma:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Ikijibu 80, ndiyo sababu. Betri ya lithiamu isiyojazwa mpaka juu hudumu zaidi, kwa hiyo mafundi wengi husifu kikomo hicho. Sisi tunakipendekeza kwa ofisi ambayo umeme wake haukatiki mara kwa mara. Kwa mwalimu wa kijijini anayechaji leo bila kujua ya kesho, ushauri huo haufai: ajaze mpaka 100, na betri ichakae kwa kufanya kazi yake. Mwenye TLP, programu ya kusimamia umeme, anaweza kubaki na kikomo siku za kawaida, kisha akaandika sudo tlp fullcharge likitolewa tangazo la kukata umeme.

MFUNIKO UMEFUNGWA, BETRI IMEKWISHA

Lalamiko hili ni la kawaida: mashine ilifungwa ikiwa na asilimia 70, ikawekwa kwenye begi, na kesho yake haiwaki. Andika:

cat /sys/power/mem_sleep

Jibu huwa s2idle, au s2idle na deep pamoja, na lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Katika s2idle mashine husinzia tu. Sehemu zake nyingi zinabaki na umeme. Katika deep, karibu kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu. Kama deep ipo lakini haijachaguliwa, hifadhi kazi zako kisha ijaribu:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Funga mfuniko, ufungue. Ikiamka vizuri mara kadhaa, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya faili /etc/default/grub, kisha kwenye Ubuntu au Mint uandike sudo update-grub. Ikiganda, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka izime. Amri ile ya majaribio haidumu baada ya kuwasha upya. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina deep kabisa. Hizo zizime kabla ya safari.

Darasani kuna mtego mwingine. Laptopu iliyounganishwa na projekta hailali ukifunga mfuniko, kwa sababu mfumo unahesabu kwamba skrini nyingine inatumika. Si ubovu. Na kama haina projekta na bado hailali, systemd-inhibit --list itakutajia programu inayoizuia.

MAMENEJA WAWILI, OFISI MOJA

Usimamizi wa umeme kwenye Ubuntu za sasa hufanywa na power-profiles-daemon, ile iliyo nyuma ya kitufe cha kuokoa betri. Kisha mtu anasoma mahali kwamba TLP ni nzuri, naye anaiongeza. TLP ni nzuri kweli, lakini hizi mbili zikiwa macho pamoja, moja hupandisha kasi ya prosesa na nyingine huishusha, na mpangilio uliouweka asubuhi huukuti mchana. Kagua kwa systemctl status tlp power-profiles-daemon. Chagua moja. Asiyependa terminali abaki na power-profiles-daemon.

INAPOZIMA GHAFLA IKIWA NA ASILIMIA 15

Betri iliyochoka hudanganya: huonyesha 15, mara giza. Faili /etc/UPower/UPower.conf ndiyo inayoamua mashine ijizime lini. Weka PercentageLow=30, PercentageCritical=25 na PercentageAction=20, kisha sudo systemctl restart upower. Namba lazima zishuke kwa mpangilio huo. Zikikorogeka, mfumo huzipuuza zote na kurudia zake. Kwa mashine za shule tunashauri pia CriticalPowerAction=PowerOff. Kulala kwa kuandika kumbukumbu yote kwenye diski ni bora, ila kunahitaji nafasi ya swap inayotosha, na mara nyingi hukataliwa Secure Boot ikiwa imewashwa. Kuzima kwa taratibu hupoteza sentensi ambayo hukuihifadhi. Kuzimika ghafla kunaweza kuharibu faili nzima.

KWA WANAOCHAJI KWA SOLA

Chaja ya wati 65 ikipitia inveta hunyonya karibu ampia 6 kutoka betri ya volti 12. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una ampia-saa 50: laptopu moja kwa takriban saa nane, au laptopu nne kwa saa mbili. Chaji mchana paneli zikipata jua, ili umeme uende moja kwa moja, na kabla ya kuchomeka andika powerprofilesctl set power-saver kupunguza matumizi. Inveta za bei rahisi hutoa umeme usio laini. Chaja ikivuma au kupata moto kupita kawaida, ichomoe. Na kishale kikianza kurukaruka kwenye skrini wakati wa kuchaji tu, usipekue mipangilio ya Linux. Chomoa chaja uone: kikitulia, kosa liko kwenye inveta, chaja au waya wa ardhi.