BUTI ZA MTINDO WA PEKU: jinsi ya kuzilinganisha na kumpimia mteja aliye mbali ili mzigo usirudi

Somo la leo ni la wanaouza viatu mtandaoni, iwe mtumba au oda. Mimi duka langu dogo lipo Tabora, na wateja wangu wengi siwaoni kwa macho. Wapo Urambo, Sikonge, Nzega, Kigoma. Wananiona kwenye statasi, wanatuma hela, natuma mzigo kwa basi.

Siku hizi naulizwa buti za kutembelea porini ambazo kwenye boksi zimeandikwa barefoot, yaani peku. Ni buti nzuri, lakini ndizo rahisi kurudishwa kuliko viatu vyote nilivyowahi kuuza. Piga hesabu ya mfano: umenunua kwa 70,000, unauza 95,000, faida 25,000. Kutuma 7,000, kurudishwa 7,000, kutuma saizi nyingine tena 7,000. Kama nauli zote ni juu yako, umebaki na 4,000 kabla ya bando na muda wako. Ikirudi mara ya pili umefanya kazi ya bure. Kwa hiyo kujua kulinganisha na kupima ndiyo faida yenyewe.

Sijasomea mambo ya miguu, nimeishia kidato cha nne. Haya nimeyasoma mwenyewe na kuyaona kwenye kazi. Twende.

1. NI KIATU GANI HIKI?

Usidanganyike na neno kwenye boksi. Buti ya mtindo wa peku ina mambo manne:

- Soli nyembamba inayopinda. Unaikunja kwa mkono mmoja.
- Kisigino na vidole vipo usawa. Kisigino hakijainuliwa. Kwenye boksi wanaandika zero drop.
- Mbele pana, umbo kama la mguu. Vidole vinatawanyika, havibanani.
- Ndani hamna kinundu cha kuinua katikati ya unyayo.

Mteja asipokuelewa, mwambie aangalie katambuga. Ile ya tairi ina usawa kutoka kisigino mpaka kidole, na mbele haina ukuta wa kubana. Wazungu wametengeneza buti yenye tabia hizo mbili, wakaongeza wepesi, kamba na ukuta wa kufunika kifundo. Ukieleza hivi, mtu wa Kaliua anakuelewa papo hapo.

2. "MBONA BABU ZETU WALITEMBEA PEKU?"

Swali hili utaulizwa, hasa ukiwa unauzia huku kwetu. Tabora ndiyo ilikuwa njia panda ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Kilimatinde, halafu kuendelea Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa, mzigo wa kama kilo 30 kwa mtu mmoja, wengi miguu peku au na makubazi ya ngozi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, ambayo ndiyo Tabora yetu, Novemba 7. Zaidi ya miezi minne. Reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, ndipo kazi ile ikaisha.

Jibu la kumpa mteja lina pande mbili, na zote ni kweli.

Upande wa kwanza: mguu uliokua bila viatu unakuwa tofauti. Wataalamu waliopima miguu ya watu waliokua peku wameona sehemu ya mbele huwa pana zaidi. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma 1960 akiwa peku. Mguu uliozoea unaweza mengi.

Upande wa pili: njia ile iliumiza. Livingstone, aliyekaa Kwihara hapa nje ya mji mwaka 1872, miaka miwili nyuma yake alilazwa na vidonda vya miguu kule Manyema zaidi ya miezi miwili, hatoki. Safari ikasimama kwa sababu ya miguu.

Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba peku ni bora kwa kila mtu kwa sababu ya mababu. Mababu walianza utotoni. Mteja wako anaweza kuwa amevaa viatu vya kisigino kilichoinuka miaka 20.

3. LINGANISHA KWA VIPIMO VITANO

Ukipata mzigo wa buti, usiangalie jina kwanza. Angalia haya, uandike kwenye daftari kwa kila jozi.

Upana wa mbele. Toa soli ya ndani. Pima kwa rula sehemu yake pana zaidi, halafu angalia kichwa kimechongoka au kimefuata mstari wa vidole. Kichwa kikichongoka katikati, hiyo si buti ya peku hata kama boksi linasema hivyo. Hapa ndipo feki nyingi zinaanguka.

Unene wa soli. Bonyeza kwa kidole gumba kutoka nje huku mkono mwingine upo ndani. Ukihisi mbonyezo wako ndani, ni nyembamba kweli.

Usawa. Weka buti mezani, ingiza mkono, linganisha urefu wa kisigino na wa mbele kutoka mezani.

Kushika kisigino na kifundo. Mbele inatakiwa iwe na nafasi, nyuma inatakiwa ishike. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti, malengelenge yanakuja ndani ya saa moja. Hakikisha matundu ya kamba ya juu ni mazima, kwa sababu hapo ndipo unafungia kisigino.

Meno ya soli. Kwenye mbuga zetu, ule udongo mweusi wa majaruba, meno yaliyobanana yanajaa tope na buti inakuwa nzito kama tofali. Meno yaliyoachana yanaachia tope. Kwenye mchanga na njia ngumu ya kiangazi, meno mafupi yanatosha.

Sasa majina utakayokutana nayo. Vivobarefoot ya Uingereza na Xero Shoes ya Marekani ni nyembamba, unahisi ardhi. Xero walianza 2009 kwa kuuza makubazi tu, unaona tena mambo ya katambuga. Lems Boulder Boot ni pana na ipo usawa, ila soli yake ina ulaini kidogo, kwa hiyo ni rahisi kwa mtu anayeanza. Altra Lone Peak ni pana mbele na ipo usawa, lakini soli ni nene, kama milimita 25. Hiyo usiiuze kama peku, iuze kama "pana na laini". Merrell Moab, ambayo ipo sana kwenye mtumba, ni buti ya kawaida, kisigino kimeinuka zaidi ya sentimita moja. Ni buti nzuri ya kazi nyingine.

Kwa nini nasema hivi? Mteja akiomba peku ukampa Altra, atarudisha. Mteja mwenye maumivu ya unyayo akiomba kiatu pana ukampa soli ya milimita tano, atarudisha pia. Buti zote mbili ni nzima, ila zimeenda kwa watu wasio wake.

4. KUMPIMA MTEJA UKIWA MBALI

"Navaa 42" siyo kipimo. Kila kampuni ina 42 yake. Mimi natuma ujumbe huu, na nyie mnaweza kunakili:

"Samahani kaka/dada, nisaidie vipimo ili nikutumie inayokufaa. Pima jioni, mguu ukiwa umetanuka. Vaa soksi utakayotumia. Weka karatasi ukutani, kisigino kiguse ukuta, simama wima, uzito kwenye mguu huo. Weka alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote. Kisha weka alama mbili sehemu pana ya mguu, kushoto na kulia. Pima kwa rula, miguu yote miwili, nitumie picha ya karatasi ikiwa na rula juu yake."

Zingatia mambo matatu hapo. Asimame, kwa sababu mguu ukibeba uzito unaongezeka urefu na upana. Apime yote miwili, ufuate mkubwa. Na kidole kirefu si lazima kiwe gumba, kwa watu wengine ni cha pili.

Hesabu sasa. Namba ya Ulaya ni urefu wa ndani kwa sentimita mara 1.5. Mguu wa sentimita 26, ongeza sentimita 1 mpaka 1.2 ya nafasi mbele. Inakuwa 27 mpaka 27.2. Zidisha kwa 1.5, unapata 40.5 mpaka 40.8. Anza na 41. Ile nafasi usiibane: kwenye mteremko mguu unasogea mbele, na kucha ikigonga ukuta wa buti inakuwa nyeusi.

Halafu usiamini namba peke yake. Chukua soli ya ndani ya buti yenyewe uiweke juu ya vipimo vya mteja. Upana wa mguu ukizidi upana wa soli kwa zaidi ya milimita chache, vidole vitapanda ukutani. Hapo usimpandishie namba kubwa ili apate upana. Atapata urefu wa bure, kisigino kitacheza. Mtafutie buti pana zaidi ya namba ileile.

Kingine: buti za kike kwa kawaida ni nyembamba kuliko za kiume za namba ileile. Dada mwenye mguu mpana mpe ya kiume kwa kipimo chake, usimwonee aibu kumwambia. Na soma vizuri lebo, namba ya Uingereza na ya Marekani hazifanani.

5. NANI UMUUZIE, NANI UMKATALIE

Muulize mteja anaendea wapi kabla ya kumuuliza hela.

Anayefaa: mwenye mguu mpana anayebanwa na buti za kawaida, aliyezoea ndala na katambuga, anayetembea njia za mchanga na msitu wa miombo bila mzigo mkubwa.

Anayehitaji tahadhari: mrina asali anayeingia porini siku kadhaa. Mwambie ukweli kwamba mwiba mrefu wa mgunga unaweza kupita soli nyembamba. Wa bodaboda pia, soli laini inaliwa haraka na kikanyagio cha gia. Wanaopanda Kilimanjaro nao: juu kule ni baridi kali, na soli nyembamba inapitisha baridi ya ardhi. Wagumu wanabeba mzigo mpaka kilo 20 kwenye mawe. Wengi watahitaji buti nene yenye joto.

Wa kumkatalia kwanza: mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi. Huyu anaweza kukanyaga kitu asihisi, kidonda kikaanza bila yeye kujua, na kidonda cha kisukari kinaweza kumkatisha mguu. Mwambie aonane na daktari kabla ya kubadilisha aina ya kiatu. Hela ya jozi moja haina thamani hiyo.

6. USIUZE DAWA

Naona posti nyingi: "inatibu mgongo", "inaondoa maumivu ya magoti". Acheni. Vibram, wenye vile viatu vya vidole vitano, walishtakiwa Marekani 2012 kwa kutangaza faida za kiafya ambazo wadai walisema hazina uthibitisho. Mwaka 2014 wakakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 3.75, bila kukiri kosa. Kampuni kubwa ina mawakili. Wewe una jina lako na namba ya simu tu.

Na madhara yapo. Utafiti uliotoka Marekani 2013 uliwafuata wakimbiaji 36. Waliohamia viatu vyembamba walikuwa 19, na baada ya wiki 10, 10 kati yao mifupa ya miguu ilionyesha dalili za kuumia, ingawa walikuwa wameambiwa waanze polepole. Kwa hiyo kila jozi ninayouza naweka kikaratasi:

"Wiki ya kwanza vaa nyumbani na njia fupi, dakika 20 mpaka 30 kwa siku. Ongeza kidogo kidogo kila wiki. Vigimbi kuchoka ni kawaida. Maumivu makali juu ya mguu au kwenye kisigino, pumzika. Yakiendelea, nenda hospitali. Usianze na safari ndefu."

Kile kikaratasi kinapunguza malalamiko kuliko punguzo la bei.

7. POSTI IANDIKWE HIVI

"Buti ya porini, mtindo wa peku, mtumba gredi A. Namba 42. Urefu wa ndani sm 27.8, upana wa mbele sm 10.4. Soli nyembamba inapinda, kisigino usawa. Meno yameisha kidogo upande wa kulia, angalia picha ya 4. Inafaa mchanga na msitu, haifai miiba mikubwa. Tuma vipimo vya mguu kabla ya kulipia."

Picha ziwe tano: upande, juu ili upana uonekane, soli, soli ya ndani ikiwa na rula, na video ya sekunde kumi ukiikunja. Kasoro ioneshe mwenyewe. Mteja akiiona kwako ananunua akijua, akiigundua Kigoma anakuita tapeli.

KAZI YA LEO: chukua jozi tatu ulizonazo, toa soli za ndani, pima urefu na upana, andika kwenye daftari, kisha hariri posti zake. Ukikwama kwenye hesabu ya namba, weka vipimo kwenye maoni tupige pamoja. Na kama unauza huku njia ya Kigoma, tuambie wateja wako wanatembelea ardhi ya aina gani, itawasaidia wengine wanaotuma mzigo huko.